Unyayo Unaobanduka na Swali la Sababu

Ngozi ya unyayo hubanduka kila siku bila mwenyewe kujua. Tabaka lake la juu ni seli zilizokwisha kufa, zimelaliana na kushikana, na chini ya mguu tabaka hilo ni nene mara nyingi kuliko penginepo mwilini. Seli mpya huzaliwa chini, hupanda kwa wiki kadhaa, hufia njiani, kisha hupukutika vipande vidogo visivyoonekana kwa macho. Unyayo hauna tezi za mafuta hata moja, ila tezi za jasho unazo kwa wingi. Kwa hiyo hukauka upesi na huloa upesi. Kubanduka kunakomtia mtu wasiwasi ni mwendo huohuo wa kila siku uliovurugika: seli zinazaliwa mbio kupita kiasi, au kilichozishikanisha kimeyeyuka, au kuna kiumbe kinachozila, au neva inayoamuru jasho litoke imekufa.

Njia ni nne, lakini magonjwa yanayozipitia ni mengi. Ngozi inayobanduka ni dalili tu, na dalili moja yenye sababu nyingi humfikisha mtu kwenye swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelihangaikia karne nyingi: ni kitu gani hasa kinachostahili kuitwa sababu ya jambo? Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ni mahali pazuri pa kulitazama swali hilo. Uamuzi wa Waingereza wa 1902 wa kulitoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kuliunganisha na himaya ambayo baadaye ikawa Kenya uliwaacha Wasamia na Wateso wakiishi pande mbili za mpaka mmoja. Mwenye miguu mibovu hapo ana wizara mbili za afya, sarafu mbili, maduka ya dawa pande zote, makanisa, misikiti na waganga. Kila mmoja ana jibu lake, na majibu hayo hayajibu swali moja.

Sababu inayokutwa mara nyingi zaidi ni fangasi. Fangasi wa miguu, hasa wa jamii ya Trichophyton, hula keratini, yaani protini inayojenga ngozi, kucha na nywele. Hupenda joto, giza na unyevu, na vyote vitatu hupatikana ndani ya gambuti. Mkulima wa mpunga wa Bunyala, mradi ulioanza 1968 upande wa Kenya, au wa Doho huko Butaleja upande wa Uganda, hushinda majini. Mbeba mizigo wa mpakani na mwendesha bodaboda hukaa ndani ya raba zilezile za mitumba tangu alfajiri hadi usiku, mara nyingi bila soksi. Fangasi huanzia kati ya kidole cha nne na cha tano, mahali ambapo vidole vimebanana zaidi. Ngozi ya hapo huwa nyeupe, laini, yenye harufu, kisha huchanika. Aina nyingine hutanda unyayo mzima hadi pembeni, ikaacha ukavu na unga mweupe ulioingia ndani ya mistari ya ngozi. Hii ya pili haiwashi sana, na mtu anaweza kuishi nayo miaka akiamini ni magaga ya kutembea peku.

Fangasi wana mwenzao, bakteria wanaotoboa vishimo vidogo kwenye kisigino na kwenye sehemu ya mbele ya unyayo. Harufu yao huingia chumbani kabla ya mwenye miguu. Ukurutu nao hubandua ngozi, wakati mwingine kwa malengelenge madogo yanayowasha sana na kukauka yakaacha magamba. Ukurutu wa mguso hufuata umbo la kitu kilichougusa mguu: mkanda wa sandali, mpira wa raba, gundi, ngozi ya kiatu iliyotengenezwa kwa chumvi za kromiamu. Kromiamu imo pia ndani ya saruji, na Tororo ni mji wa saruji tangu miaka ya 1950. Fundi anayesimama ndani ya zege bichi peku hupata madhara mawili: kwanza zege lenyewe humchoma kwa ukali wake, na baadaye mwili wake huweza kujifunza kuichukia kromiamu hata ikiwa kidogo sana. Soriasisi ni kitu kingine: magamba mazito, meupe kama fedha, kwenye nyayo zote mbili, na mara nyingi kwenye viwiko na magoti pia.

Udongo una wakazi wake. Funza, yule kiroboto anayeingia chini ya kucha na kutaga mayai, si mwenyeji wa Afrika. Aliingia Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazili, na kabla karne haijaisha alikuwa amevuka bara hadi pwani ya mashariki. Ngozi inayomzunguka huvimba, hukauka na kubanduka. Minyoo ya safura huingia mwilini kwa njia ya ngozi ya mguu, ikaacha mwasho na upele kati ya vidole. Jambo hilo lilijulikana kwa bahati mbaya huko Kairo mwaka 1898, pale Arthur Looss alipomwagikiwa mkononi na maji yenye viluwiluwi vya minyoo hiyo.

Yako magonjwa ambayo mguu ni ukurasa wao mmoja tu. Kaswende ya hatua ya pili huacha mabaka yenye magamba kwenye viganja na nyayo, na kwa kawaida hayawashi. Mtoto mwenye kwashakoo hubanduka ngozi ya miguu vipande vipande. Pelagra, inayotokana na kula mahindi karibu peke yake bila vyakula vingine, hubandua sehemu ya juu ya mguu inayopigwa na jua. Ncha za vidole vya mtoto huweza kubanduka wiki chache baada ya homa kali, ugonjwa wenyewe ukiwa umekwisha pita. Dawa nayo huweza kuwa chanzo. Utafiti uliofanywa Tororo na kuchapishwa 2004 ulionyesha kwamba kotrimoksazoli ya kila siku, ile ambayo wengi huiita septrini, hupunguza vifo vya watu wenye VVU. Dawa hiyohiyo, kwa watu wachache mno, huleta homa, vidonda vya mdomoni na macho, na ngozi kuvuliwa mwili mzima hadi nyayoni. Huyo hapaki krimu. Anakimbizwa hospitali na dawa inasimamishwa saa hiyohiyo.

Ukoma unahitaji nafasi yake, nao utakuja mwishoni.

Kuutambua ugonjwa huanza kwa maswali ya kawaida: tangu lini, kazi gani, viatu gani, nani mwingine nyumbani anajikuna, na dawa gani imeshapakwa. Kisha miguu yote miwili hutazamwa, na baada ya hapo mikono, viwiko, magoti, kichwa na kucha. Fangasi mara nyingi huanza upande mmoja. Ukurutu wa viatu kwa kawaida hupiga pande zote mbili sawasawa na kuuacha uwazi wa kati ya vidole. Iko alama moja ambayo mhudumu mzoefu huitafuta kabla ya kusema lolote: nyayo mbili zinazobanduka pamoja na kiganja kimoja tu. Kiganja hicho mara nyingi ndicho kinachokwaruza miguu usiku, na mpangilio huo ni wa fangasi.

Penye maabara, ukingo wa kijembe hukwangua pembeni mwa baka, si katikati, kwa kuwa fangasi hai wako pembeni wanakosonga mbele. Unga unaodondoka hupokelewa kwenye kioo chembamba, hutiwa tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi 20, hufunikwa, na kusubiriwa dakika kumi au zaidi. Keratini huyeyuka na kuwa angavu. Chini ya darubini, kama fangasi wapo, huonekana nyuzi nyembamba zenye matawi zikikatiza mipaka ya seli bila kuijali. Kipimo hicho ni cha bei ndogo, lakini hakimalizi mjadala. Kikwanguo kilichotoka mahali pasipofaa hakitaonyesha kitu, na krimu iliyopakwa wiki iliyotangulia huwaficha waliopo. Inayoharibu zaidi ni krimu yenye steroidi inayouzwa bila cheti. Hutuliza mwasho kwa siku chache, mgonjwa akafurahi, huku fangasi wakienea chini ya utulivu huo na kubadili sura hata daktari asiwatambue.

Vituo vingi havina darubini iliyo tayari, au hakuna mtu wa kuiendesha mchana huo. Kinachofanyika ni kutoa dawa ya fangasi na kumwambia mgonjwa arudi baada ya wiki nne. Hapa ndipo falsafa inapoingia bila kubisha hodi. Mgonjwa akipona, je, alikuwa na fangasi? Mafuta ya Whitfield, ambayo yamekuwemo kwenye zahanati za Afrika Mashariki kwa miongo mingi, yana asidi ya benzoiki inayopigana na fangasi, na asidi ya salisiliki inayolainisha na kubandua ngozi nene ya aina yoyote. Unyayo wenye soriasisi ukipakwa mafuta hayo utaonekana nafuu, na mtu ataondoka na jina la ugonjwa asio nao. Uko pia mbanduko wa viganja na nyayo unaokuja msimu wa joto, hauwashi, na huisha wenyewe baada ya wiki chache. Ugonjwa wa namna hiyo humpa sifa kila aliyeushika: muuza dawa, mwombezi, mwenye mizizi, na bibi aliyeshauri maji ya chumvi. Kwamba jambo la pili limefuata jambo la kwanza hakuthibitishi kwamba la kwanza limelileta la pili. Kila mtu hulikubali hilo kwa maneno. Kwa mguu wake mwenyewe hulisahau.

Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, alilisukuma wazo hilo hadi mwisho. Katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa alichukua mfano wa pamba na moto: jicho linaona pamba ikiungua moto unapoigusa, lakini halijapata kuuona ulazima unaoviunganisha. Kwake yeye mtendaji ni Mungu, na ufuatano tuuonao ni desturi Aliyoiweka. Mwanafalsafa Ibn Rushd, baadaye katika karne ya 12, alimjibu kwamba anayekana sababu za asili anakana akili yenyewe, kwa kuwa kujua kitu ni kujua kilivyo na kifanyavyo. Mabishano yao husomwa kama mambo ya mbinguni, lakini Mwislamu wa Busia anayekausha miguu baada ya udhu yumo ndani yake. Kupitisha maji kati ya vidole kumesisitizwa. Maji yanayobaki humo mtu akivaa soksi na viatu papo hapo huwalisha fangasi. Utafiti wa Durban uliochapishwa 1998 ulikuta fangasi wa miguu wengi zaidi kwa wanaume Waislamu wanaohudhuria msikiti. Hakuna mwenye akili atakayesema ibada ndiyo sababu. Unyevu ndio sababu, na wengi wa wanazuoni hawakatazi kujifuta. Mtu anaweza kumfuata Ghazali katika itikadi na Ibn Rushd katika taulo, na waumini wengi ndivyo waishivyo.

Mwanafalsafa Mwingereza R. G. Collingwood, katika kitabu chake cha 1940 kuhusu metafizikia, aliona kwamba katika maisha ya vitendo mtu huita sababu ile sehemu ya jambo ambayo yeye mwenyewe anaweza kuishika, mithili ya mpini. Gari likipinduka kwenye kona, dereva atasema ni mwendo, mhandisi wa barabara atasema ni kona yenyewe, na mtengeneza magari atasema ni muundo wa gari. Wote watatu wako sawa kwa kuwa kila mmoja ameshika pake. Unyayo wa mkulima wa Bunyala hujibu vivyo hivyo. Kwa muuza dawa sababu ni Trichophyton. Kwa mkewe ni gambuti zisizoanikwa. Kwa afisa wa kaunti, kama angeulizwa, ni mtu kushinda majini bila kinga kwa sababu kipato hakiruhusu jozi ya pili. Kwa wazee wa ukoo huenda sababu ni mtu.

Jibu hilo la mwisho ndilo linalochekwa na wasomi, nalo ndilo linalostahili kutazamwa kwa utulivu. Susan Reynolds Whyte, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Bunyole kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, eneo lililokuwa ndani ya wilaya ya Tororo kabla Butaleja haijawa wilaya 2005, alichapisha mwaka 1997 kitabu kiitwacho Questioning Misfortune. Alieleza kwamba Wanyole hawakimbilii ramli kwa kila kidonda. Kwanza hutibu dalili kwa dawa, ziwe za kizungu au za miti, bila kuuliza maswali makubwa. Dalili ikigoma, ikirudi, au ikimwandama mtu mmoja wakati wengine wako salama, ndipo huenda kwa lamuli, mpiga ramli, kuuliza ni nani: mizimu ya ukoo, mchawi, au laana ya mkubwa wa familia aliyenyimwa haki yake, kwa mfano katika mahari. Wateso nao wana emuron wao, na pande zote mbili za mpaka kuna watu wanaohofia dawa iliyofukiwa njiani ili fulani aikanyage. Mguu hushukiwa upesi kwamba umetegwa, kwa kuwa ndio unaogusa ardhi ya watu.

Mfano mmoja unaojulikana sana wa fikra hizo ni wa mguu pia. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha 1937 kuhusu Wazande wa kusini mwa Sudan ya wakati huo, anasimulia juu ya kijana aliyejikwaa kwenye kisiki njiani akajikata kidole, na kidonda kikaoza. Kijana hakukana kisiki. Alijua kwamba kisiki ndicho kilichomkata na uchafu ndio uliokiozesha kidonda. Alilouliza ni kwa nini siku ile hakukiona, ilhali hupita hapo kila siku, na kwa nini kidonda hiki kimekataa kufunga wakati vidonda vyake vingine vyote vilifunga. Tiba ya kisasa ina neno kwa swali hilo, bahati, na neno hilo si jibu bali ni kukataa kuulizwa. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutoridhika nalo.

Hata hivyo tofauti ipo. Jibu la lamuli humpa mtu kitu cha kushika katika mahusiano: mjomba aletewe mbuzi wake, ugomvi umalizwe, jina la babu litajwe. Haya yana faida yake, na familia nyingi zimepatanishwa kwa kidonda. Lakini hayashiki ngozi. Na pale jibu linapomtaja jirani au mke mwenza, kinachoshikwa ni shingo ya mtu asiye na hatia. Wanyole wenyewe, kwa maelezo ya Whyte, hawadai uhakika. Hujaribu, hutazama matokeo, wakikosa hujaribu lingine. Afisa wa kliniki anayempa mgonjwa krimu na kumwambia arudi baada ya wiki nne anafanya vilevile. Tofauti yao si kwamba mmoja ana shaka na mwingine hana. Afisa, akiipata darubini, ana kitu kinachoweza kumwambia kuwa amekosea, hata kama mgonjwa hataki kusikia.

Maandiko yanayosomwa kila wiki katika makanisa ya Busia na Tororo yamelibeba swali hili kwa namna ambayo wahubiri wengi huipita haraka. Mambo ya Walawi 13 ni sura ndefu ya uchunguzi wa ngozi. Kuhani hutazama rangi ya nywele za baka, hutazama kama limezama chini ya ngozi, na akiwa na mashaka humtenga mtu siku saba, amtazame tena, na siku saba nyingine zikibidi. Katika sura nzima hamwulizi mgonjwa ametenda kosa gani. Sadaka ya hatia ipo, lakini iko sura ya 14, baada ya mtu kuonekana amepona. Mpangilio huo una busara kuliko mahubiri mengi ya leo: jicho kwanza, dhamiri baadaye.

Mfalme Asa wa Yuda ana ushuhuda mwingine. Kitabu cha Wafalme, sura ya 15 ya kitabu cha kwanza, kinasema tu kwamba uzeeni alipata ugonjwa wa miguu. Kitabu cha Mambo ya Nyakati, sura ya 16 ya kitabu cha pili, kinataja ugonjwa huohuo, kinautia mwaka wa 39 wa utawala wake, na kinaongeza lawama: aliwatafuta waganga badala ya kumtafuta Bwana. Mguu ni mmoja, habari ni mbili. Anayetumia kifungu cha pili kumzuia muumini asiende hospitali hana budi aeleze kwa nini kifungu cha kwanza kilinyamaza, na kwa nini lawama imewekwa kwenye alichokiacha Asa wala haisemi kwamba dawa ni dhambi. Ayubu alipigwa majipu tangu wayo wa mguu hadi utosi, rafiki zake wakamtafutia kosa, na mwisho wa kitabu wao ndio waliokemewa. Katika Kurani, sura ya Sad, Ayubu huyohuyo anaamriwa apige ardhi kwa mguu wake, na maji baridi ya kuogea na kunywa yanatoka. Na katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanapouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu, yeye au wazazi wake, jibu ni kwamba si yeye wala wazazi wake. Dini zenyewe, zikisomwa kwa makini, hazimruhusu mtu kuusoma unyayo wa mwenzake kama hukumu.

Busia ya Kenya imechangia upande mwingine wa swali la sababu, nao unasomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Kuanzia 1998 wachumi Michael Kremer na Edward Miguel walifuatilia mradi wa kuwapa watoto dawa za minyoo katika shule za msingi 75, shule zikiingizwa kwa makundi na kwa zamu ili zinazongoja zilinganishwe na zilizoanza. Makala yao ya 2004 ilisema utoro ulipungua kwa kiasi cha robo. Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi 2019 kwa njia hiyo ya kutafuta sababu. Mwaka 2015 watafiti wa London waliochambua upya takwimu hizo walizitilia shaka baadhi ya hesabu, na mabishano yakawa makali. Kwa anayefikiria juu ya miguu, sehemu yenye uzito imo katika aya ambayo hainukuliwi sana: watoto walifundishwa pia kuvaa viatu na kunawa, na idadi ya waliovaa viatu haikubadilika. Huenda walikuwa wanajua, na kilichokosekana ni viatu. Njia hiyo ya kulinganisha makundi hueleza kwa nini minyoo ni mingi mahali penye majimaji kama Budalangi kuliko mahali pakavu penye vyoo. Haiwezi kumwambia mama mmoja kwa nini ni mwanawe. Swali la kijana wa Kizande limebaki pale lilipokuwa, ila limepungua ukubwa, maana sehemu kubwa ya lililoonekana kuwa bahati imegeuka kuwa umaskini, na umaskini una mahali pa kushikwa.

Gharama ya kuyachanganya maswali mawili, la nini na la nani, huonekana wazi zaidi katika ukoma. Kiini chake, bakteria aitwaye Mycobacterium leprae, kiligunduliwa na Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873. Huingia mwilini, hukaa kimya kwa wastani wa miaka mitano, wakati mwingine ishirini, na watu wengi sana wana kinga ya asili dhidi yake. Muda huo mrefu huufanya ukoma uonekane umeanguka kutoka mbinguni, na uchache wa wanaoupata huufanya uonekane umemchagua mtu. Mguuni huua neva: jasho hukoma, unyayo hukauka, hupasuka, hubanduka, na hauumi. Hapo kila dalili hugeuka kuwa ushahidi kwa anayetafuta mkosaji. Kuna familia zilizoficha wagonjwa wao kwa aibu ya laana, na kuficha huko ndiko kulikokata vidole, si bakteria peke yake, kwa kuwa mguu usiohisi hukanyaga msumari na kuendelea na safari.

Alupe, kilomita chache kutoka mji wa Busia kwenye barabara ya Malaba, palikuwa na makao ya wenye ukoma, na baadaye kituo cha utafiti wa ukoma cha Afrika Mashariki, ambacho kiliingia chini ya taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI. Upande wa Uganda yalikuwepo makao kama hayo Kumi na Buluba. Kabla ya dawa za mchanganyiko zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani 1981, kutengwa kulidumu miaka. Leo matibabu ni ya miezi sita au kumi na miwili, na mgonjwa huacha kuambukiza muda mfupi baada ya kuanza.

Kipimo cha kwanza hakihitaji maabara. Mtu hufumba macho, kipande cha pamba au ncha ya kalamu hugusishwa polepole kwenye baka, juu ya mguu na kwenye unyayo, naye huonyesha kwa kidole mahali alipoguswa. Fangasi, ukurutu na soriasisi haviondoi hisia. Asiyehisi pamba ana neva inayokufa, na neva hiyo haiwezi kungoja ramli, maombi ya siku arobaini, wala krimu ya tatu kutoka dukani; maswali ya nani na kwa nini yatabaki yalivyo hata baada ya kidonge cha kwanza, na wazee watayakuta palepale. Dawa za ukoma hutolewa bila malipo Kenya na Uganda. Mwenye unyayo mkavu, unaobanduka na usiohisi na aende kituo cha afya kilicho karibu wiki hii, upande wowote wa mpaka.